Madini adimu: Ulaya yachimbua, Songwe yasubiri, na amana ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu, Mirongo, Mwanza

TAREHE 12 Januari 2023, shirika la madini la serikali ya Sweden, LKAB, lilitangaza kuwa limegundua zaidi ya tani milioni moja za oksidi za madini adimu karibu na mji wa Kiruna, kaskazini kabisa ya nchi hiyo. Habari hiyo ilipokelewa barani Ulaya kwa shangwe, kwani eneo hilo lilitajwa kuwa hifadhi kubwa kuliko zote za aina hiyo zilizojulikana barani humo wakati ule.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 17 Aprili 2023, katika Ikulu ya Chamwino mkoani Dodoma, Serikali ya Tanzania ilitia saini mikataba na kampuni tatu kutoka Australia. Miwili ilihusu madini ya kinywe. Wa tatu ulihusu madini yaleyale yaliyoishangilisha Ulaya, nayo yanapatikana katika kilima cha Ngualla, mkoani Songwe.

Msomaji wa huku kwetu Mirongo anaweza kuuliza: Songwe ni mbali na Kiruna ni mbali zaidi, sasa habari hii inatuhusu nini sisi wa mwambao wa ziwa? Inatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, Kanda ya Ziwa imeishi na migodi kwa miongo mingi, na inayajua machungu na matamu yake. Pili, utafutaji wa madini hayo umekwishafika ng'ambo ya ziwa letu. Tatu, na ndilo kubwa zaidi, mali iliyo ardhini ni amana, na Muislamu ataulizwa kuhusu amana.

Jina lisitudanganye

Madini adimu ni kundi la elementi 17: zile 15 ziitwazo lanthanidi, pamoja na skandiamu na itriamu. Jina "adimu" ni la kihistoria, wala halina maana kwamba ni machache mno duniani. Seriamu, kwa mfano, inakaribia kuwa nyingi sawa na shaba katika gamba la dunia. Taabu yake ni mbili. Ya kwanza, madini haya yametawanyika, na ni mahali pachache tu yamekusanyika kwa wingi wa kufaa kuchimbwa. Ya pili, yanafanana mno kwa tabia, hata kuyatenganisha moja moja kunahitaji tindikali nyingi, mitambo mingi na hatua zinazorudiwa mara mamia.

Historia yake inaanzia Sweden. Mwaka 1787, ofisa wa jeshi aliyependa elimu ya mawe, Carl Axel Arrhenius, aliokota jiwe jeusi zito katika machimbo ya kijiji cha Ytterby, karibu na Stockholm. Mwaka 1794, mkemia wa Finland, Johan Gadolin, akalichambua na kukuta ndani yake kitu kisichojulikana na wanasayansi wa wakati wake. Kutokana na kijiji hicho kidogo, elementi nne zimepewa majina: itriamu, itabiamu, tabiamu na abiamu.

Leo madini hayo yamo majumbani mwetu bila sisi kutambua. Neodimiamu na praseodimiamu hutengeneza sumaku zenye nguvu kubwa kwa umbo dogo. Ndizo zinazotikisa spika ndogo ndani ya simu ya mkononi, zinazozungusha mota za magari ya umeme, na zilizomo katika mitambo mingi ya kufua umeme kwa upepo. Disprosiamu na tabiamu huongezwa ili sumaku hizo zisipoteze nguvu zinapopata joto. Lanthanamu hutumika katika lenzi za kamera, seriamu katika kung'arishia vioo, na gadolinamu katika dawa anayodungwa mgonjwa ili picha za kipimo cha MRI zionekane vizuri.

Katika Suratul-Hadid, aya ya 25, Allah (SW) anatukumbusha kuwa ameteremsha chuma, na ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Wanazuoni wengi wamefahamu kuwa ukumbusho huo una pande mbili, kwani chuma hutengeneza jembe na hutengeneza upanga. Ndivyo yalivyo madini haya. Sumaku iliyomo katika mashine ya hospitali ni ndugu wa sumaku iliyomo katika kombora na ndege ya kivita.

Kwa nini Ulaya inahangaika

Kwa miaka mingi nchi za Ulaya ziliona ni nafuu kununua kuliko kuchimba. Kazi chafu ya kuchimba na kusafisha iliachiwa China, nayo China ikaifanya kuwa elimu na silaha ya uchumi. Leo nchi hiyo inatoa sehemu kubwa ya madini adimu yanayochimbwa duniani, na katika kusafisha na kutengeneza sumaku inatawala kwa kiwango kikubwa zaidi, karibu tisa ya kumi.

Dunia ilionja uchungu wa utegemezi huo mwaka 2010, pale mzozo baina ya China na Japan kuhusu visiwa ulipofuatiwa na kukwama kwa shehena za madini hayo, na bei zikapaa mwaka uliofuata. Mwezi Aprili 2025, katikati ya vita vya ushuru na Marekani, China iliweka masharti ya vibali kwa usafirishaji wa aina saba za madini adimu pamoja na sumaku zake. Baada ya wiki chache tu, baadhi ya viwanda vya vipuri vya magari barani Ulaya vilisimamisha uzalishaji kwa kukosa sumaku ndogo ambazo thamani yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya gari zima.

Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwishaanza kujihami. Mnamo Mei 2024 ilianza kutumika sheria yake ya malighafi muhimu, inayoweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: angalau asilimia 10 ya mahitaji yachimbwe ndani ya Umoja huo, asilimia 40 yasafishwe humo, asilimia 25 yatokane na urejelezaji wa vifaa vikuukuu, na pasiwe na nchi moja ya nje inayotegemewa kwa zaidi ya asilimia 65.

Tuyatazame malengo hayo kwa makini. Wazungu wamejipangia kuchimba sehemu moja ya kumi tu, lakini kusafisha sehemu nne za kumi. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili itatoka wapi? Itatoka katika ardhi za watu wengine, ikiwemo Afrika. Na kwa nini wang'ang'anie kusafisha kuliko kuchimba? Kwa sababu wanajua thamani ilipo.

Wanavyochimba kwao

Lipo jambo la kujifunza katika namna Ulaya inavyoyaendea madini yaliyo ndani ya mipaka yake. Siku ileile ya tangazo la Kiruna, mkuu wa LKAB alisema wazi kuwa itachukua miaka 10 hadi 15, au zaidi, kabla ya madini hayo kuingia sokoni. Muda huo hauendi bure. Ni wa utafiti, wa vibali, na wa kuwasikiliza wenyeji. Wasami, wafugaji wa kulungu ambao wameishi huko tangu kale, wanalalamika kuwa mgodi utakata njia za mifugo yao, na malalamiko yao yanapita katika ngazi za kisheria.

Kusini ya nchi hiyohiyo, mahali paitwapo Norra Kärr, kuna hifadhi ya madini adimu iliyo karibu na ziwa Vättern, ziwa la pili kwa ukubwa nchini humo na chanzo cha maji ya kunywa kwa mamia ya maelfu ya watu. Kibali cha uchimbaji kilitolewa mwaka 2013. Mwaka 2016, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ya Sweden ilikibatilisha, kwa kuwa athari kwa mazingira ya jirani hazikuwa zimepimwa ipasavyo kabla ya kukitoa. Hapo msomaji wa Mwanza asimame kidogo, akitafakari: nchi tajiri, yenye njaa ya madini, ilikubali kusubiri kwa ajili ya ziwa.

Huko Kiruna kwenyewe, mgodi wa chuma umeilegeza ardhi hata sehemu kubwa ya mji ikalazimika kuhamishwa. Agosti 2025, kanisa la mbao la mji huo, lililojengwa mwaka 1912 na lenye uzito wa zaidi ya tani 600, lilibebwa zima juu ya magurudumu kwa umbali wa kilomita tano, kwa gharama za mwenye mgodi. Hatuitaji habari hii kwa ajili ya jengo lenyewe, bali kwa ajili ya kipimo cha heshima. Palipo na mgodi, nyumba ya ibada, makaburi na kumbukumbu za watu ni sehemu ya gharama ambayo mwekezaji anapaswa kuilipa.

Norway, ambayo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, nayo ilitangaza mwezi Juni 2024 hifadhi ya tani milioni 8.8 za oksidi za madini adimu katika eneo la Fen, mkoa wa Telemark, ikaipita Sweden. Wataalamu wa huko wanapanga kuchimba kwa mahandaki ya chini kwa chini, ili watu na makazi ya juu wasisumbuliwe.

Ngualla: jiwe la Songwe, jina la Sweden

Fen na Ngualla ni ndugu kwa asili. Yote mawili ni miamba iitwayo kabonatiti, yaani miamba ya asili ya volkano iliyojaa kabonati, na neno hilo lilibuniwa na mwanajiolojia wa Norway, W. C. Brøgger, mwaka 1921 alipokuwa akiichunguza miamba ya Fen. Kwa miaka mingi wanasayansi walibishana iwapo jiwe la namna hiyo laweza kweli kuwa lilitoka ardhini likiwa ujiuji wa moto. Jibu lilipatikana Tanzania: mwaka 1960, mwanajiolojia J. B. Dawson aliishuhudia lava ya aina hiyo ndani ya kreta ya Oldoinyo Lengai, kaskazini ya nchi yetu. Hadi leo mlima huo ndio volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonatiti. Ngualla ni volkano mfu ya aina hiyo, yenye umri unaokaribia miaka bilioni moja.

Madini makuu ya Ngualla huitwa bastnasiti, na jina hilo limetokana na mgodi wa Bastnäs nchini Sweden. Basi jiwe ni la Songwe, jina ni la Sweden, na sasa tujiulize faida itakuwa ya nani.

Kampuni ya Peak, iliyosajiliwa katika soko la hisa la Australia, ilianza kuchoronga Ngualla takribani mwaka 2010. Makisio yake yalionesha akiba inayofaa kuchimbwa ya tani milioni 18.5 za mawe yenye wastani wa asilimia 4.8 za oksidi za madini adimu, kiwango kinachohesabiwa kuwa kizuri sana duniani. Maombi ya leseni maalumu ya uchimbaji yaliwasilishwa mwaka 2017, mwaka ambao Bunge lilipitisha sheria mpya za maliasili, na leseni ikatolewa Aprili 2023. Kampuni ya ubia, Mamba Minerals, iliundwa. Serikali ya Tanzania ilipata hisa asilimia 16 bila kuzilipia, na mwekezaji akabaki na asilimia 84.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Kwa miaka kadhaa Peak ilikuwa na mpango wa kuyasafirisha makinikia ya Ngualla hadi Teesside, kaskazini mashariki ya Uingereza, ambako ingejenga kiwanda cha kuyasafishia. Ulaya ingekuwa mezani. Lakini mwaka 2022 kampuni ya Kichina, Shenghe Resources, ilinunua takribani moja ya tano ya hisa za Peak. Mwaka 2023 ikafunga mkataba wa kununua sehemu kubwa ya makinikia yatakayozalishwa, na mpango wa Teesside ukawekwa kando. Mwaka 2025, baada ya ushindani na mnunuzi kutoka Marekani, Shenghe ikainunua Peak yote.

Kwa hiyo kilima kilichotafitiwa kwa fedha za Australia, kikatarajiwa kulisha kiwanda cha Uingereza, sasa kimo katika mikono ya China. Katika mapito hayo yote, mawe yenyewe hayakusogea hata hatua moja kutoka Songwe. Kilichouzwa na kununuliwa ni haki ya kuyafikia. Huo ndio ulimwengu wa madini: karatasi husafiri kabla ya jiwe, na asiyesoma karatasi huja kushtuka jiwe limekwishaondoka.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaifahamu hali hiyo. Machi 2017, serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakakutwa bandarini Dar es Salaam. Mgogoro ule ulizaa sheria zinazotambua kuwa maliasili ni mali ya wananchi, na ukahitimishwa kwa makubaliano na kampuni ya Barrick, yaliyosainiwa Januari 2020 na kuanzisha kampuni ya ubia ya Twiga. Somo lake lilikuwa kwamba nchi inayouza mchanga huuziwa pete. Juni 2021, hapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kusafishia dhahabu. Basi yakiwezekana kwa dhahabu, tuulize kwa adabu na kwa kusisitiza: kwa madini adimu lini?

Tusijidanganye kuwa ni kazi nyepesi. Kiwanda cha kutenganisha madini adimu kinahitaji umeme wa uhakika, maji, kemikali na wataalamu ambao China iliwalea kwa zaidi ya miaka 30. Lakini ipo ngazi ya kupanda: kutoka makinikia kwenda kabonati mchanganyiko, kutoka hapo kwenda oksidi zilizotenganishwa, kisha metali, kisha sumaku. Kila ngazi ina ajira na elimu yake. Mkataba mzuri huonesha tutapanda lini ngazi ya pili.

Majirani wametutangulia kujifunza

Nchini Burundi, machimbo ya Gakara yalifunguliwa na Wabelgiji mwaka 1948. Yalifufuliwa mwaka 2017 na kampuni ya Rainbow Rare Earths, ambayo makinikia yake yaliuzwa kupitia kampuni ya Kijerumani. Mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha kazi ikilalamikia mgawanyo wa mapato. Mgogoro ulikuja baada ya mawe kwisha kusafirishwa, wakati ulipaswa kumalizwa katika mazungumzo ya awali.

Pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kwale, kilima cha Mrima kina naiobiamu na madini adimu. Juu yake kuna msitu wa Kaya Mrima, unaoheshimiwa na Wadigo kama urithi wa mababu. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni mwaka 2013, serikali ikaifuta mwaka huohuo, na kampuni ikashtaki katika mahakama ya kimataifa ya usuluhishi. Mwaka 2018 Kenya ilishinda. Jopo lilisema leseni haikuwa halali kwa kuwa taratibu za kulinda mazingira hazikufuatwa. Kumbe tathmini ya mazingira, ambayo wengine huiona ni karatasi ya kuchelewesha maendeleo, yaweza kuwa ngao ya taifa.

Na Uganda, katika eneo la Makuutu lililoenea katika wilaya za Bugweri, Bugiri na Mayuge, si mbali na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Victoria, leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2024. Madini ya huko yamo ndani ya udongo wa mfinyanzi na si ndani ya mwamba. Udongo wa namna hiyo husafishwa kwa kuoshwa na maji yenye chumvi za kemikali. Kusini mwa China, ambako njia hiyo ilitumika miaka mingi bila uangalizi, mito na visima viliharibika, na serikali yao inatumia fedha nyingi kusafisha hadi leo.

Ziwa halina mlango wa pili

Hatusemi kuwa Makuutu lazima iharibu. Tunasema ziwa ni letu sote, Tanzania, Uganda na Kenya, na maji hayana pasipoti. Ziwa Victoria ni pana, takribani kilomita za mraba 68,800, lakini ni la kina kifupi, na mto mmoja tu ndio unaotoka humo, Nile, kule Jinja. Kinachoingia hukaa.

Uzoefu tunao. Mei 2009, maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yalivuja hadi mto Tigithe, na wanavijiji walilia kwa hasara ya mifugo na afya. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mikoa yetu bado wanatumia zebaki, ambayo humfikia samaki, kisha sahani, kisha mtoto aliye tumboni. Hapa mjini, mto Mirongo unaopita katikati ya jiji hubeba taka na maji machafu na kuyamwaga ziwani, na hilo halikuletwa na mwekezaji yeyote. Tukitaka sauti yetu isikike tunapodai migodi isafishe uchafu wake, tuanze kwa kuacha kuugeuza mto huo jalala.

Madini adimu yana hatari yake mahususi: mara nyingi hukaa pamoja na thoriamu na urani, ambazo zina mionzi. Nchini Malaysia, kiwanda cha Bukit Merah kilifungwa mwaka 1994 baada ya wakazi kupigania afya zao kwa miaka mingi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mradi wa aina hii ni moja: mabaki yatahifadhiwa wapi, na nani atayalinda miaka 50 baada ya mgodi kufungwa?

Chumvi ya Ma'rib

Uislamu haukuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kuwa Abyad bin Hammal alimwendea Mtume (SAW) akamwomba ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, nchini Yemen. Mtume (SAW) akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwepo akaeleza kuwa alichopewa yule ni kama maji yasiyokatika, yaani ni kitu kilicho wazi na ambacho watu wote wanakihitaji. Mtume (SAW) akakirejesha.

Tuzingatie yaliyomo katika kisa hicho. Kiongozi wa umma alitoa haki ya uchimbaji. Mwananchi wa kawaida akasema alilojua, wala hakukaripiwa. Taarifa mpya ilipobainika, uamuzi ukabadilishwa kwa maslahi ya wote. Kutokana na hapo mafakihi wakatofautisha madini ya dhahiri, ambayo hayafai kumilikishwa mtu mmoja, na madini yaliyofichikana yanayohitaji gharama na kazi kuyatoa. Wanazuoni wa Kimaliki wakaenda mbali zaidi, wakasema mambo ya madini yote ni ya kiongozi kuyasimamia kwa niaba ya umma. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 inayoruhusu Bunge kupitia upya mikataba ya maliasili yenye masharti hasi, kwa roho yake, haiko mbali na njia hiyo.

Ipo pia kanuni kuu ya kifiqhi inayokataza kujidhuru na kudhuru wengine, na yapo makatazo ya Qur'an, katika Suratul-A'raf aya ya 56, dhidi ya kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Mgodi unaoacha shimo wazi, sumu na mayatima si riziki iliyobarikiwa, hata ukilipa kodi.

Na wachimbaji wetu wa dhahabu wa Geita na kwingineko wasisahau haki ya Allah. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, anayechimba dhahabu ikafikia nisabu, ambayo ni takribani gramu 85, hutoa robo ya sehemu ya kumi, yaani asilimia 2.5, wala hasubiri mwaka upite. Anayemdai mwekezaji haki ya taifa, naye atoe haki ya maskini.

Kwa wazazi na familia

Tufanye nini basi, sisi tusio na mgodi wala kiti cha Bunge?

La kwanza ni elimu. Mtoto wa madrasa na shule anayependa kemia, fizikia na jiografia asikatishwe tamaa, na wasichana wasiachwe nyuma. Atakayekaa mezani kujadili mkataba wa Ngualla baada ya miaka 20 yumo darasani leo. Tunamhitaji mkemia, tunamhitaji mwanasheria anayesoma mkataba hadi nukta ya mwisho, na tunamhitaji mhasibu anayeogopa siku ya hesabu. Misikiti na jumuiya zetu zinaweza kuweka wakfu kwa ajili ya kusomesha vijana wachache katika fani hizo. Ni sadaka yenye kuendelea.

La pili ni kuhudhuria. Sheria inazitaka tathmini za mazingira ziwashirikishe wananchi, na halmashauri hupokea ushuru wa huduma pamoja na michango ya kampuni kwa jamii. Mikutano ya vijiji na mitaa ndipo mahali pa kuuliza fedha hizo zimekwenda wapi. Muislamu asiyehudhuria kikao kisha akalalamika barazani, amelikimbia jukumu lake.

La tatu limo ndani ya nyumba zetu. Ulaya inataka robo ya mahitaji yake itokane na vifaa vikuukuu, na huko Belfast wapo wanaotoa madini adimu kutoka sumaku chakavu. Sisi simu mbovu, spika na kompyuta zilizokufa tunazitupa jalalani au tunaziacha vijana wazichome ili wapate shaba. Moshi ule ni sumu. Mama asiwaache watoto kuchezea betri zilizovimba wala kuchoma nyaya uani. Vifaa hivyo viwekwe pembeni na vipelekwe kwa mafundi na wakusanyaji wanaovifumua bila kuvichoma. Na kabla ya yote, tukumbuke katazo la israfu: simu inayofanya kazi haina haja ya kubadilishwa kila mwaka kwa sababu jirani amebadilisha.

Madini yaliyo Ngualla yamekaa ardhini karibu miaka bilioni moja. Hayaozi, wala hayakimbii. Norway na Sweden, zenye fedha na viwanda, zimekubali kwenda hatua kwa hatua, zikiuliza maswali kuhusu maziwa yao, mifugo yao na nyumba zao za ibada. Sisi pia tuna haki ya kuuliza, na viongozi wetu wana wajibu wa kujibu, maana wao ni wachunga, na kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Tunamuomba Allah (SW) awape viongozi wetu uoni wa mbali, awape wataalamu wetu uaminifu, na aijaalie mali iliyo chini ya miguu yetu iwe neema kwa watoto wetu. Amin. Wallahu a'lam.